Kalala Tena: Kisa cha Mtoto wa Miezi 7 Kituoni Fuoni

"Kalala tena." Maneno haya mawili yameandikwa kwa kalamu ya buluu mara sita katika daftari la mlezi mmoja wa kituo cha kulelea watoto wachanga, Fuoni, Unguja, baina ya Ramadhani ya 4 na ya 13. Siku ya 14 hayapo. Mahali pake pana maneno mengine mawili, "uji haumezwi", na chini yake ukurasa mweupe mpaka mwisho.

Niliitwa kukiangalia kisa hiki mtoto alipokwisha kupona, kwa kuwa walezi wote wawili wa kituo kile niliwafundisha mimi. Nimelea watoto wachanga wa watu kwa miaka 11, kwanza majumbani, Mpendae na Mazizini, halafu vituoni, na sasa kazi yangu kubwa ni kuwafundisha wasichana na kina mama wanaotaka kuishika kazi hii. Kwa hivyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni ya kwangu, na nitayasema yatakapofika. Kituo sitakitaja jina, wala mtu yeyote. Mtoto ni wa kiume, wa miezi 7, mnene wa mashavu, mwenye sauti kali. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikijulikana kituoni kabla ya mengine yote: akitaka kubebwa, nyumba ya pili inajua.

Kituo chenyewe ni nyumba ya kupanga, vyumba vitatu na ukumbi. Watoto wachanga wako saba, wote chini ya mwaka, na walezi wawili. Uingereza utaratibu unataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Hapa mmoja akiwa jikoni anakoroga uji, mwenziwe ana saba. Naitaja hesabu hii mapema kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mtoto aliyelala anahesabiwa neema. Mama zao wengi ni waajiriwa. Likizo ya uzazi katika sheria ya ajira ya Zanzibar ya 2005 ni siku 90, kwa hivyo watoto huanza kuletwa wakiwa na miezi mitatu, shingo ndiyo kwanza inakaza.

Mama wa mtoto wetu anafanya kazi ofisini mjini. Mwezi wa Ramadhani akirudi nyumbani anaanza kazi ya pili: anapika sambusa, katlesi na kalimati za oda, na baada ya tarawehe anakaanga tena za watu wa daku. Mtoto hubaki kwa bibi yake mzaa mama, nyumba hiyo hiyo, chumba cha uani.

Siku nane

Ramadhani ya 4 ilikuwa Jumatatu. Mtoto aliletwa saa 1 na nusu asubuhi amelala begani kwa mama yake. Tangu Ramadhani ya 2 alikuwa na mafua, pua imeziba, na mama alilisema hilo mlangoni: "Dada, ana mafua huyu, muache apumzike." Mlezi akampokea, akamlaza chali juu ya godoro gumu, bila mto, kama alivyofundishwa. Akaandika saa.

Kabla ya mfungo mtoto huyu alikuwa akilala kituoni mara mbili, jumla yake saa mbili na nusu, siku nyingine tatu. Jumatatu hiyo alilala saa nne. Jumanne saa nne na nusu. Jumatano alikula nusu ya bakuli lake la uji, na yeye ni mtoto wa kulamba bakuli. Jumatatu ya wiki ya pili alikula vijiko vinne. Mawinda yalikuwa yakibadilishwa mara nne baina ya asubuhi na saa 9 anapochukuliwa. Wiki ya pili yakawa mawili, na siku moja winda la asubuhi lilikuwa kavu mpaka adhuhuri.

Yote haya yamo katika daftari. Nimelipitia mstari kwa mstari na nasema kwa moyo mmoja kwamba yule mlezi aliandika vizuri kuliko walezi wengi niliowaona. Saa zake ziko sawa, vijiko kavihesabu, mawinda kayahesabu. Ila kila jioni mama alipokuja, aliyoambiwa yalikuwa ni haya: "Kalala vizuri leo." Na mama akajibu, "Alhamdulillahi."

Kwa nini? Nilimuuliza. Alinijibu bila ya kujitetea, na jibu lake lina mambo matatu ambayo nataka kila anayefanya kazi hii ayasikie.

La kwanza, Ramadhani ilitosha kueleza kila kitu. Nyumba zote zinakesha. Mtoto anayelala chumba kimoja na watu wanaokaanga, wanaoamshana daku, wanaosali, hawezi kulala usiku, basi analipa mchana. Kauli hiyo ilikuwa na akili, na kwa watoto wengine wawili wa kituo kile ilikuwa kweli. Mlezi mwenyewe alikuwa amefunga, naye ana usingizi.

La pili, mwenye kituo alipoona ukumbi umetulia alifurahi. Alisema mara mbili, "Mashallah, huyu kazoea." Mlezi wa miaka 23 ataanzia wapi kumwambia bi mkubwa kwamba mtoto aliyezoea anamtia wasiwasi?

La tatu ndilo linaloniuma. Alhamisi ya wiki ya kwanza alipata shaka. Akafanya nililomfundisha: akamfunua mtoto kifua, akashika saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Akapata 24. Nilikuwa nimewafundisha kwamba mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika pumzi 50 kwa dakika, hiyo ni pumzi ya mbio, apelekwe kituo cha afya, huenda ni homa ya mapafu. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo wanayoitumia wahudumu wa afya. Lakini sikuwahi kuwaambia kwamba upande wa chini nako kuna hatari. Mtoto wa umri ule akilala, pumzi zake huwa kama 30 au zaidi. Mlezi aliiona 24, akailinganisha na 50, akatulia. Pembeni kaandika "pumzi nzuri". Nilipoliona neno hilo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu lile ni neno langu. Wakati wa mafunzo, mtu akihesabu chini ya 50, mimi ndiye niliyekuwa nikisema "nzuri, endelea".

Alhamisi, Ramadhani ya 14

Saa 5 na nusu asubuhi mlezi alimuamsha mtoto ale. Alifumbua macho, akayafumba. Alimkalisha pajani, kichwa juu ya mkono, akampa kijiko cha kwanza cha uji wa mtama. Mdomo ulifunguka. Uji ukaingia. Halafu ukakaa.

Aliniigizia kwa mkono wake jinsi alivyoona: uji umetanda juu ya ulimi, ulimi hausogei, na tone moja linatoka pembeni ya mdomo na kushuka kidevuni taratibu. Alisubiri ameze. Hakumeza. Hapo, bila ya kuamrishwa na mtu, alifanya jambo la maana kuliko yote ya siku hiyo, la kutokutia kijiko cha pili. Alimgeuza ubavu, akazungushia kidole kitambaa safi, akautoa uji wote mdomoni. Mtoto asiyeweza kumeza akiendelea kulishwa, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, na wapo walezi, wapo kina mama pia, ambao wangesukuma kijiko cha pili ili kimteremshe cha kwanza.

Kisha alimkuna unyayo. Mguu ulijivuta kidogo. Akampangusa uso kwa kitambaa cha maji baridi. Mtoto alikunja uso, akatoa mlio mdogo, akalala.

Alimwita mwenye kituo. Akaambiwa, "Mtoto wa watu huyo, mwanangu. Usimtoe hapa bila ya mama yake kujua. Muache alale, akiamka atakula." Akampigia mama. Simu ya kwanza haikupokewa. Ya pili ikapokewa, na mama akasema kile kile walichokuwa wakikisema wote: "Analala tu huyo, Dada. Sisi usiku hatulali."

Kuanzia hapa kisa kinabadilika kwa sababu ya swali moja, na nimemuomba anirudie maneno yake kama alivyoyasema, nami nayaandika hivyo hivyo: "Mama yake, tangu jana Magharibi mpaka leo asubuhi kapewa dawa gani?"

Aliuliza "dawa gani". Angeuliza "kapewa dawa?" angejibiwa "hapana", kwa sababu kichwani mwa mama dawa ni ya mtu mgonjwa na mtoto wake hakuwa mgonjwa. Swali la "gani" lilimfanya apite nyumba nzima kwa akili yake, kabatini, mezani, chumba cha uani. Kukawa kimya. Halafu: "Mama, bibi yake, anampa ile ya mafua. Kijiko kimoja akilala."

Kwa siku ngapi? "Tangu alipoumwa."

Mlezi hakungoja tena ruhusa. Alimwambia mama jina la hospitali na kwamba anatoka sasa hivi, akamuachia mwenziwe watoto sita, akapanda bajaji na mtoto kifuani. Njia nzima, aliniambia, alikuwa akihesabu pumzi, na safari hii hakuwa akizitafuta hamsini.

Hospitali mtoto aliangaliwa kwa saa kadhaa. Alipimwa malaria, sukari, na hewa ya damuni kwa kile kibanio kinachobanwa mguuni. Malaria hakuna. Mtoto mchanga aliyelegea asiyekula lazima apimwe sukari, kwani inaweza kushuka huku watu wakimdhania anapumzika. Hakupewa dawa yoyote. Alilazwa pale, akaangaliwa. Baada ya Alasiri alifumbua macho, akamuona mama yake, akalia kwa ile sauti yake. Mlezi anasema daktari alicheka.

Kilichokuwemo katika kijiko kile ni dawa ya mafua ya maji ya aina ile inayokausha kamasi na kuleta usingizi. Ziko nyingi madukani kwa majina tofauti, na ndani yake mara nyingi ni klorofeniramini au prometazini. Kwa mtoto mkubwa huleta usingizi mwepesi. Kwa mchanga zinaweza kuupunguza mwendo wa pumzi, na dawa hizi hukaa mwilini kwa saa nyingi, kiasi kwamba kijiko cha saa 4 usiku kinaweza kuwa bado kinafanya kazi saa 4 asubuhi, halafu usiku kikaja kingine juu yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya prometazini kwa watoto walio chini ya miaka 2 mwaka 2004, kwa sababu ya vifo vya kushindwa kupumua, na mwaka 2008 ikasema dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila ya cheti zisipewe kabisa watoto wa umri huo. Kwetu chupa hizi zinakaa juu ya friji pamoja na asali na mafuta ya nazi.

Kijiko cha bibi

Siku ya pili yake kulikuwa na mazungumzo, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae zaidi, kwa sababu nimeona visa vinavyofanana na hiki vikiharibika hapa hapa. Mtoto anapona, kisha watu wazima wanagombana, mtoto anahamishwa kituo, na chupa inabaki juu ya friji.

Mwenye kituo alitaka kumwandikia mama barua. Mama naye alitaka kuzungumza na mama yake peke yake, na aliogopa. Mlezi ndiye aliyesema kwamba aende yeye. Alikwenda baada ya sala ya Ijumaa pamoja na mwenye kituo, wakakaribishwa ukumbini, wakakaa juu ya mkeka. Shikamoo, marahaba, hali ya mfungo, hali ya joto, hali ya mtoto. Mlezi aliacha salamu zichukue muda wake wote. Anayedhani huko ni kupoteza wakati hajawahi kwenda kumwambia mtu mzima wa Kiunguja kwamba kakosea.

Bibi alikwishasikia. Alikuwa ameumia.

"Mie nimezaa wanane na nimewalea wote wanane," alisema. "Leo unakuja kunambia nimemlevya mjukuu wangu?"

Mlezi akasema, "Hapana, bibi. Nimekuja unifundishe. Mtoto akiwa na mafua kwangu halali, na kwako huyu analala. Nataka kujua unafanyaje."

Nilipoelezwa sehemu hii nilimtazama yule binti kwa jicho jipya. Sikumfundisha hilo. Wala halikuwa hila, kwa sababu alikuwa kweli hajui, na alitaka kujua.

Bibi alieleza. Pua ilikuwa imeziba, mtoto akinyonya anashindwa kuvuta pumzi, anaacha titi analia. Dawa ilikuwepo ndani, ya mjukuu mkubwa wa miaka 5, alipewa mwezi uliopita. Akampa kidogo. Usiku ule mtoto alilala mpaka alfajiri, na mama yake akamaliza kukaanga bila ya kusimama. Siku ya pili akampa tena. Pua ilipofunguka hakuacha, kwa sababu aliona dawa ndiyo inayoifungua. Hakutaka kumlaza mtoto, alitaka apumue. Usingizi ulikuja kama zawadi juu yake, na nani usiku wa Ramadhani anaikataa zawadi ya mtoto kulala?

"Kidogo kiasi gani, bibi?"

Bibi akamwita mjukuu alete kijiko. Kilikuja kijiko cha kulia chakula, cha bati, kirefu. Mlezi akaomba na chupa yenyewe, na kile kifuniko chake cha plastiki chenye mistari ya kupimia. Akaomba maji katika kikombe. Akajaza kijiko maji mbele ya bibi, akayamimina katika kifuniko. Yalipita mstari wa mililita 5, yakapita wa 10, yakasimama karibu na 15. Kijiko cha chai ni 5. Kijiko cha chakula ni mara tatu yake.

Hakuna aliyesema neno. Bibi alikichukua kifuniko, akakiinua karibu na macho, akayamimina maji kikombeni, akajaza kijiko tena mwenyewe. Yakasimama pale pale. Kisha akakiweka kijiko chini juu ya mkeka, mbali kidogo na yeye.

"La ilaha illa llah," alisema. "Na huyu mkubwa nilimpa hiki hiki."

Baada ya hapo ndipo yalipoweza kusemwa mengine: kwamba hata kipimo kilichopimwa sawa hakimfai mtoto wa miezi 7, kwamba pua iliyoziba inasaidiwa kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani kwa ajili hiyo, kwa kufutwa, kwa kumnyonyesha mara nyingi na kidogo kidogo, kwa kumbeba wima kabla ya kumlaza. Bibi aliuliza juu ya mafuta ya nazi. Mlezi alimwambia apake kifuani akipenda, asitie puani. Maongezi yaliendelea hadi Alasiri, na nusu yake, naambiwa, yalikuwa juu ya namna bibi alivyomlea mwanawe wa tatu aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia.

Mahali ambapo siku nane zilipotelea

Wenzangu wawili niliozungumza nao walimlaumu bibi. Mmoja alimlaumu mama, kwamba alijua na hakusema. Siafikiani nao. Mama alijua mtoto anapewa dawa ya mafua kwa ajili ya mafua, na huyo anayempa ndiye aliyemlea yeye. Bibi alikuwa akitibu. Nikiwapanga wote waliomuona mtoto yule baina ya siku ya 4 na ya 14, aliyekuwa na dalili zote mkononi ni mlezi peke yake: saa za usingizi, vijiko, mawinda, pumzi. Mama aliona usiku, bibi aliona usiku, mwenye kituo aliona ukumbi. Mlezi aliona mchana mzima na akauandika. Kilichokosekana ni njia ya maandishi yale kutoka katika daftari na kufika kwa mtu.

Na njia haikuwepo kwa sababu sisi tunaofundisha tumelifanya daftari kuwa la mwenye kituo, la kuonyeshwa akija mkaguzi. Sikuwahi kumwambia mlezi kwamba daftari ni la kusomwa na yeye mwenyewe kila Alhamisi, kuanzia juu hadi chini, akijiuliza wiki hii na ile zimetofautiana wapi. Angesoma Alhamisi ya kwanza angeona uji umepungua nusu na usingizi umezidi, yote mawili kwa pamoja. Mtoto aliyekesha usiku na akalala mchana huamka na njaa. Huyu alikuwa akiamka bila ya njaa. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kuivunja ile kauli ya Ramadhani siku ya nne.

Kuna jambo jingine ninalolisema kwa uchungu. Vituo vyetu vinapima kazi ya mlezi kwa ukimya. Mzazi akipita dirishani akasikia kilio, anauliza kuna nini. Akikuta kimya, haulizi. Basi mlezi hujifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba mtoto anayelia ndiye kazi na aliyelala ndiye mapumziko. Katika chumba chenye watoto saba, yule aliyetulia hubebwa mara chache, huzungumzishwa mara chache, huangaliwa wa mwisho. Sasa ninapoingia kituoni mara ya kwanza, natafuta kwanza mtoto aliyetulia. Namuuliza mlezi kala nini, kakojoa mara ngapi, na namkuna unyayo. Wengi wao ni wazima na wanakasirika kuamshwa. Hasira yao inanifurahisha.

Nimebadilisha mafunzo. Hesabu ya pumzi sasa ina pande mbili: mtoto aliye chini ya mwaka, akihesabiwa dakika nzima, 50 na zaidi apelekwe, na kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60, akishuka chini ya 25 aamshwe, na asipoamka sawasawa apelekwe. Mwalimu mwenzangu alisema nitawatia walezi hofu. Huenda. Nimeikubali hofu hiyo.

Kituo nacho kimebadilika kwa mambo mawili, moja dogo na moja zito. Dogo ni safu mpya katika daftari inayojazwa mlangoni, mtoto akiwa bado begani: "Tangu jana Magharibi kapewa nini?" Wanaulizwa wote saba kila siku, hata wazima, ili mzazi yeyote asione katuhumiwa. Wiki ya kwanza yalitoka mambo ambayo hakuna aliyeyajua: maji ya mchango kwa mmoja, kipande cha kidonge cha maumivu kilichosagwa kwa mwengine, asali kwa mtoto wa miezi 5. Asali haifai kabisa kabla ya mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mchanga. Nalo lilizungumzwa, mkekani.

Zito bado linasukumwa. Mlezi sasa ana ruhusa ya maandishi, iliyosainiwa na kila mzazi, kwamba akiona mtoto hawezi kunyonya au kumeza, anatapika kila kitu, kapata degedege, au kalegea na haamki, ampeleke hospitali hapo hapo na kupiga simu akiwa njiani. Wazazi sita walitia saini siku moja. Wa saba alitaka kwanza azungumze na mumewe, na mpaka ninapoandika bado. Mlezi wa tatu, ili mmoja akitoka wasibaki sita kwa mtu mmoja, ameahidiwa baada ya Sikukuu. Sikukuu imepita. Nimekwenda mara mbili kuuliza na nitakwenda tena Jumatatu.

Mtoto ana miezi 9 sasa, anatambaa, na anavuta kanga za watu. Asubuhi siku hizi analetwa na bibi yake mwenyewe, kwa miguu, kwa sababu anasema mama mtu anaharakisha na kusahau kueleza. Juzi nilikuwepo mlangoni. Mlezi alishika kalamu akauliza kama kawaida. Bibi akamshusha mtoto begani, akafikiri.

"Jana hakupewa kitu, mwanangu. Mafuta ya nazi tu, kifuani."

Mlezi akaandika: mafuta ya nazi, kifuani.